Kuvuka Hardangervidda Peke Yako

Uwanda wa juu wa Hardangervidda, nchini Norway, karibu wote hauna mti wa kukinga upepo. Mtu akusudiaye kuuvuka peke yake kwa miguu, kutoka stesheni ya Finse iliyo mita 1,222 juu ya bahari hadi Haukeliseter, hujiandalia siku kadhaa za mwendo, akilala katika nyumba za wasafiri. Njia imetiwa alama ya herufi T nyekundu juu ya mawe. Ukungu ukishuka hazionekani, ndipo ramani na dira huwa ndiyo macho. Mwezi Juni ni mapema mno: theluji iliyofunika mito huweza kukatika chini ya mguu, na hakuna mwenzi wa kumvuta. Wanorway hawaoni aibu kugeuka nyuma. Kila alalapo, huandika kitabuni aendako kesho, ili akikosekana watafutaji wajue pa kuanzia.