Jibu Fupi, Sentensi Kamili

"Jibu kwa sentensi kamili." Aliyesoma sekondari Tanzania anaijua amri hiyo. Ukiulizwa "Where do you live?" ukasema "Mbagala" tu, umekosa, ilibidi useme "I live in Mbagala." Ndivyo tulivyokisoma Kiingereza, hasa tangu kidato cha kwanza, Kiingereza kilipogeuka ghafla kuwa lugha ya karibu masomo yote: nyakati za vitenzi, kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Mtihani ulidai hayo, nasi tuliyashika.

Hapa Leicester, Uingereza, ninajitolea kusaidia darasa la ESOL, mafunzo ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine. Huku wanaanza na mazungumzo. Watu wanapangwa wawili wawili: mmoja ni mpokezi wa zahanati, mwenzake anapiga simu kuomba miadi. Mwalimu anasikiliza, kisha anafundisha kanuni kutokana na makosa aliyoyasikia.

Wenzetu wa Afrika Mashariki mara nyingi wana sarufi nzuri, lakini wakiongea ni kama wanasoma risala. "Have you eaten?" Jibu la kawaida ni "I have" au "Not yet." Wao husema, "Yes, I have eaten my lunch." Kosa hakuna, ila hakuna mtu huku anayeongea hivyo.

Penye hatari ni swali la kukanusha. Muuguzi akimwuliza mama anayezungumza Kiswahili, "You haven't taken your tablets?" naye akajibu "Yes", amejibu sawasawa kwa kufuata lugha yake: ndiyo, sijameza. Muuguzi anaweza kuelewa kwamba amemeza. Kiingereza hakijali swali limeulizwaje, kama hujameza, ni "No, I haven't." Jambo hili nalirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu hapa kinachoharibika si lafudhi bali afya ya mtu.

Shule ya nyumbani Tanzania siidharau hata kidogo. Huku wapo watu walioishi miaka mingi, wanaopiga soga kazini bila shida, ila barua ya kumjibu mwalimu wa mtoto inawashinda, kwani sentensi hawakufundishwa kamwe. Sisi tulifundishwa.

Kilichotuumiza ni kicheko. Mtoto akiteleza neno moja, darasa zima linaangua: Kiingereza cha kuombea maji! Kesho yake hanyooshi mkono. Wako wanaomaliza kidato cha nne wakiwa na alama nzuri, na hawajawahi kuongea Kiingereza na mwenzao hata kwa dakika tano. Katika darasa la ESOL kila mtu anakosea, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwingine, na hata wenye haya hufunguka.

Mwalimu wa nyumbani ana wanafunzi wengi na vitabu vichache, najua. Zoezi hili halihitaji kitabu: wawili wawili, dakika kumi mwanzoni mwa kipindi, maswali ya kukanusha na majibu mafupi, na asisahihishwe mtu mpaka wote wamemaliza kuongea.