Pendon: Reli ndogo inayotunza sura ya vijiji vya zamani

Treni inayotoka kituo cha Paddington, London, kuelekea magharibi hufika Didcot kabla ya saa moja kwisha. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa gari, katikati ya mashamba, hadi Long Wittenham, kijiji kidogo karibu na Mto Thames. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Pendon. Kwa nje si jengo la kumshangaza mtu. Ndani yake mna bonde zima: nyumba zilizoezekwa mabua ya ngano, bustani za mboga, vichaka, barabara za vumbi na treni zinazopita, vyote vikiwa vimepunguzwa mara 76.

Mwanzilishi wake, Roye England, alizaliwa Australia na kufika Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana. Alilipenda bonde liitwalo Vale of White Horse, lakini akaona jinsi lilivyokuwa likibadilika. Nyumba za karne nyingi zilibomolewa au kuvuliwa mapaa yake, na magari yakaanza kuzijaza barabara. Kuyazuia hayo hakuweza. Aliamua kupima, kupiga picha na kutengeneza mfano wa kila alichoweza kukiona kabla hakijatoweka. Mwaka 1954 kazi hiyo ilihamia Long Wittenham, katika nyumba iliyokuwa baa, ambayo aliiendesha pia kama hosteli ya vijana. Alifariki dunia mwaka 1995. Watu wanaojitolea wanaendelea na kazi hadi leo.

Wageni wengi huvutwa kwanza na nyumba. Lakini ni vizuri pia kuinama na kuitazama njia ya reli yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo uongo hugundulika haraka.

Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Ikipunguzwa mara 76, inapaswa kuwa milimita 18.8 hivi. Njia inayouzwa madukani kwa treni za kipimo hicho ina milimita 16.5 tu. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni sawa na kuibana reli halisi kwa karibu sentimita 18. Treni huonekana kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Ndiyo maana wajenzi wa Pendon walichagua njia pana zaidi, inayokaribia kipimo halisi, wakaijenga kwa mikono.

Si kazi ya jioni moja. Mita moja ya mfano inaweza kuhitaji mataruma 100 hivi, kila moja likiwa kijiti chembamba, na kila taruma hushikwa na reli mahali pawili. Hapo kuna sehemu 200 za kukagua. Moja ikikaa vibaya, behewa linaweza kuanguka.

Baada ya kujenga, njia huzeeshwa. Hapa fundi anahitaji macho kuliko vifaa. Reli ya kweli hung'aa juu tu, pale gurudumu linapopita, na ubavuni ina kutu ya kahawia. Taruma jipya la mbao huwa jeusi kwa dawa ya kuzuia kuoza, kisha jua na mvua hulifanya la kijivu. Kokoto za kituoni huchafuka kuliko za katikati ya safari, kwa sababu hapo breki husaga chuma, na kichwa cha treni kinaposimama hudondosha mafuta na majivu. Njia ya pembeni isiyotumika sana huota majani. Anayepaka rangi moja kila mahali amesahau kwamba kila doa lina sababu yake. Msomaji aliyekulia karibu na Reli ya Kati atakuwa ameyaona mengi ya hayo kwa macho yake.

Familia inayotaka kujaribu kazi hii nyumbani inaweza kuanza na kipande cha urefu wa rula. Mtoto anaweza kupanga mataruma na kumwaga kokoto, na babu akaeleza treni za zamani zilivyokuwa. Lakini kuna mambo ya kiafya ya kuzingatia. Lehemu nyingine ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kulehemu kufanywe na mtu mzima, watoto wadogo na wajawazito wakae mbali, meza ya chakula isitumike, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Moshi wa dawa ya kulehemia unaweza kuamsha pumu, hivyo madirisha yawe wazi. Anayepuliza rangi au kusaga mawe avae barakoa inayofaa. Mwanga uwe wa kutosha, na macho yapumzishwe mara kwa mara kwa kutazama mbali.

Katika jengo hilohilo la Pendon pamehifadhiwa Madder Valley, reli ndogo iliyojengwa na John Ahern, mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwamba treni ya mfano inahitaji nchi ya kupita. Pia kuna mandhari ya nyika ya Dartmoor yenye daraja refu la mbao, la aina ambayo mhandisi Brunel aliijenga katika karne ya 19.

Nyingi kati ya nyumba ambazo Roye England alihangaikia zimebadilika au hazipo tena. Paa lake, rangi ya ukuta wake na mboga za bustani yake, mjukuu wa aliyeishi humo anaweza kuviona Pendon. Wazee wa kuulizwa mambo hayo huondoka mmoja baada ya mwingine. Roye England alianza kupima na kupiga picha wakati bado wapo.