Waya Wenye Nyaya Nne

Mama alikuwa akianza kila ujumbe wa sauti kama mtu anayepiga simu. "Halo? Halo? Unanisikia?" Kisha ananyamaza kidogo, kana kwamba nitajibu. Nilimweleza mara nyingi kwamba hiyo si simu, kwamba mimi nitausikia baadaye, pengine usiku nikirudi chumbani. Akasema, "Sawa, nimeelewa." Ujumbe uliofuata ukaanza vilevile.

Kuandika ujumbe hakukumpendeza. Alimaliza darasa la saba, na daftari lake la hesabu za maandazi na upatu lilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Tatizo lilikuwa herufi za kwenye kioo cha simu. Alisema vidole vyake vimekanda unga miaka mingi mno, akigusa herufi moja zinatokea tatu. Kwa hiyo alibonyeza kile kipaza sauti cha WhatsApp, akakishikilia kwa kidole gumba, akazungumza. Nyuma yake unasikia mafuta yanachemka, jogoo, mtoto wa jirani anaitwa akaoge.

Alifariki Februari 2023, nyumbani Muheza. Baada ya arobaini tukagawana vitu vyake. Khanga zilichukuliwa na mama wadogo na majirani, karai la maandazi likaenda kwa shoga yake wa upatu. Simu ikabaki mezani.

"Dada," mdogo wangu akasema, "simu ya mama naomba niichukue mimi."

Nakiri nilikasirika. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, na nilimwona kama mtu anayewahi kifaa. Tena nilikuwa na kinyongo cha nyuma. Mama alinieleza ugonjwa wake Novemba 2022, wakati miguu ilikuwa imevimba kiasi cha kushindwa kuvaa ndala. Siku ile nilimuuliza mdogo wangu mbele ya mama wadogo: "Unaishi naye nyumba moja, hukuona?" Akatazama chini. Hakunijibu, na mimi nikachukua ukimya wake kuwa ndiyo jibu.

Nikamwambia nitaondoka na simu kwanza hadi Morogoro, nitoe vilivyomo, niifute, ndipo nimrudishie ikiwa safi. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, akaacha. "Sawa, dada. Ila usikae nayo sana."

*

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Simu iko mezani, kompyuta iko mezani, umbali kati yake ni shubiri.

Lakini chumba nilichopanga hakina intaneti. Intaneti yangu ni ile ninayoinunua, bando kwa bando, na kompyuta yangu ni ya mtumba, niliyoinunua kwa pesa ya boom nikiwa mwaka wa pili. Simu ya mama nayo ilikuwa imechoka. Kioo kilipasuka siku aliyoiangusha jikoni, na sehemu yote ya chini haikuwa ikisikia kidole. Sehemu hiyo ndipo herufi zinapotokea, kwa hiyo chochote kilichotaka kuandikwa, kama nywila ya Wi-Fi au anwani ya barua pepe, kilishindikana. Nafuu yangu ni kwamba mama hakuwahi kuweka namba ya siri. Alisema ni kujifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Ndani kulikuwa na GB 9 za picha, video na sauti. Wazo la kwanza lilikuwa kuvipandisha Google Drive, maana akaunti yake niliifungua mimi na bado ilikuwa wazi, kisha nivishushe kwenye kompyuta. Nikapiga hesabu. GB 9 za kupandisha na GB 9 za kushusha ni GB 18. Vitu vilivyo shubiri moja na kompyuta vilitakiwa kusafiri hadi kwenye mashine za watu nje ya nchi kisha virudi, nami nilipe nauli ya kwenda na kurudi.

Hata hivyo nilijaribu kidogo kidogo. Nikanunua GB 5, nikawasha hotspoti kwenye simu yangu, na kwanza nikaiunganisha kompyuta ili niingie kwenye akaunti. Kompyuta ilikuwa haijaonja intaneti kwa miezi. Ikaanza kushusha masasisho yake yenyewe, kimyakimya, na nilipotoka kuoga nikakuta ujumbe wa mtandao: bando lako limekwisha. Hakuna hata picha moja iliyovuka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba vifaa viwili vikiwa kwenye hotspoti moja vinaweza kupeana mafaili bila kugusa bando kabisa. Unazima data ya simu, hotspoti inabaki kama kijia cha uani kati ya nyumba mbili, na programu ndogo kwenye simu inakupa anwani ya namba ya kufungua kwenye kompyuta. Lakini hapo ndipo nywila na kioo kilichokufa viliponigomea.

Nikageukia Bluetooth. Jina hilo linatokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake. Kwangu aliunganisha picha 14. Kila moja ilichukua karibu nusu dakika, na katikati ya video ya harusi ya mama mdogo kila kitu kikakatika. Nilikadiria kwamba kwa mwendo ule GB 9 zingehitaji zaidi ya saa kumi mfululizo, na betri ya simu ile ilikuwa ikizima ghafla ikiwa bado na asilimia 30.

Waya niliuchelewesha kwa sababu nilishaujaribu. Nilichomeka ule niliounua stendi kwa shilingi 2,000, simu ikaanza kuchaji, kompyuta haikuona kitu. Nikaamini tundu la simu limeharibika. Nilikwenda kwa fundi simu mmoja karibu na Msamvu nikiwa nimeshajiandaa kuambiwa bei kubwa. Hakuigusa hata simu. Aliuchukua waya, akaupindapinda kwenye vidole.

"Dada, huu ni wa chaji tu. Ndani una nyaya mbili, za umeme. Wa data una nne: mbili za umeme, mbili za kupitisha mafaili. Huu hata uuchomeke mwaka mzima."

Akanipa mwingine, wa 5,000, akaujaribu mbele yangu. "Ukichomeka, simu itakwambia inachaji. Usiishie hapo. Vuta pazia la juu, gusa hayo maandishi, chagua kuhamisha mafaili. Na kioo kisizime. Ukimaliza niletee Jumamosi, nikubadilishie kioo na betri, niifomati iwe kama mpya."

Tukakubaliana Jumamosi.

*

Usiku ule nilichomeka, nikavuta pazia la juu, nikachagua. Kompyuta ikalia kidogo na jina la simu likatokea. Nilinakili tu, sikukata, ingawa kukata kungenipunguzia kazi ya kufuta. Niliogopa waya usije ukachomoka katikati, sauti ikawa imeshaondoka kwenye simu na haijafika kwenye kompyuta. Kwa dakika kama ishirini nikatazama ule mstari wa kijani ukisogea.

Picha na video zilikuwa mahali pake. Sauti nilizitafuta folda ndani ya folda, hadi nikakuta moja ambayo WhatsApp huwekea jumbe za sauti. Ndani yake kuna folda kwa kila wiki, na ndani ya kila wiki mafaili yenye majina kama PTT-20220711-WA0003. PTT ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya bonyeza ndipo useme. Zinafuata tarimu za mwaka, mwezi na siku, kisha namba ya foleni. Yalikuwa mafaili 1,140, na yote kwa pamoja hayakufika MB 250. Miaka yote ile ya maneno ya mama ilikuwa myepesi kuliko video za harusi.

Nikabofya la kwanza. Mwanaume akacheka na kuulizia mchele. La pili, mwanamke wa upatu. La tatu: "Halo? Halo? Unanisikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimehamisha nini. Ndani ya WhatsApp kila sauti inakaa chini ya jina na picha ya mtu, unajua nani alimwambia nani. Kwenye folda, alizotuma mama na alizotumiwa zimemwagwa kapu moja, na kilichobaki ni tarehe na namba. Sauti zilikuwa zimevuka shubiri ile. Mazungumzo yalibaki ng'ambo.

Sikuwa na mpango wa kusikiliza yasiyonihusu. Lakini bila kusikiliza sikuweza kujua yapi yananihusu. Nikatafuta tarehe nilizozikumbuka, na 11 Julai 2022 nilikuwa naikumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyoanza mitihani ya mwisho ya chuo. Nilitaka kusikia tena dua aliyoniombea asubuhi ile. Niliipata, WA0001. Nikaacha orodha iendelee yenyewe.

WA0003: "Halo? Halo? Unanisikia? Baba, ndiyo natoka hospitali. Kile kipimo wamesema kirudiwe Ijumaa. Miguu imejaa, ila nimetembea mwenyewe hadi stendi. Sasa huyu wa Morogoro asijue. Yuko kwenye mitihani. Akimaliza nitamwambia mwenyewe. Hata akikuuliza, wewe hujui kitu. Haya, nimemaliza."

Nilirudia mara tatu. Baba. Mama aliwaita baba wanaume wengi: mjomba wetu, kijana wa duka la dawa, hata kondakta aliyempunguzia nauli. Kompyuta haikuwa na namna ya kuniambia baba yupi.

Simu ndiyo iliyojua. Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Nikaichukua simu ya mama, nikafungua WhatsApp yake kwa sehemu ya juu ya kioo ambayo bado ilisikia, nikaanza kupanda kwenye mazungumzo, mtu mmoja mmoja, kutafuta Julai 2022. Nilianza na mjomba. Nikaenda kwa kijana wa dawa. Sikuanza na mdogo wangu, na nikijiuliza kwa nini, jibu silipendi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba yeye ndiye asiyejua.

Ilikuwa yake. Chini ya ujumbe wa mama alikuwa amejibu kwa maandishi: "Sawa mama. Ijumaa nakupeleka mimi, usipande daladala." Na Ijumaa hiyo, na Ijumaa iliyofuata, na Agosti nzima, kulikuwa na jumbe fupi za mama akimwambia yuko geti la pili, aje na pikipiki.

*

Nilimpigia usiku uleule. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi lakini yaliyotoka ni haya: "Kwa nini hukuniambia?"

Alikaa kimya kidogo. "Mama alisema nisiseme."

"Na Novemba, nilipokusema mbele ya watu?"

"Mama alikuwepo, dada. Ningemwambia nini?"

Nikamuuliza kama anazo bado zile sauti alizotumiwa. Akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. Simu yake iliibwa kijiweni Desemba ile, wiki chache kabla ya msiba, na aliyonayo sasa ni ya vitufe. "Sina hata moja ya mama," akasema. "Ndiyo maana niliomba hiyo. Ukaniambia unaenda kuifuta."

Siku zilizofuata sikulala mapema. Niliweka simu kushoto, kompyuta kulia, daftari katikati. Kila sauti ya mama niliitafuta kwenye mazungumzo, nikaandika alikuwa anamwambia nani, kisha nikabadilisha jina la faili. Sikuzisikiliza hadi mwisho zisizo zangu. Nilisikiliza "Halo? Halo?" ili nijue ni yeye, nikasimamisha, nikaandika jina, nikaenda inayofuata. Za mdogo wangu zilikuwa 212. Zangu 187. Nilizihesabu mara mbili. Nilidhani zangu zingekuwa nyingi zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mbali.

Jumamosi fundi alikuwa ameshatandaza vifaa vyake.

"Nikufomatie na hii?"

"Hapana. Kioo na betri tu. Humo ndani usiguse kitu."

"Si umeshahamisha?"

"Nimenakili," nikasema. Alinitazama kama mteja mwenye maneno mengi, akaendelea na bisibisi yake.

Nilisafiri na simu hadi Muheza mwenyewe, nikiwa nimeificha ndani ya nguo. Nakala niliziacha Morogoro, kwenye kompyuta na kwenye flashi iliyofungwa ndani ya soksi, ili njia isije ikachukua zote kwa pamoja. Mdogo wangu alinipokea stendi. Hatukuzungumza sana njiani, upepo wa pikipiki haukuruhusu.

Nyumbani nilimpa simu. Akaigeuza, akakigusa kioo kipya kwa ncha ya kidole, chini kabisa, pale palipokuwa pamekufa. Nikamwambia chai itachelewa, moto haujawaka, nikaenda jikoni ingawa moto ulikuwa unawaka tayari. Kupitia ukuta nikasikia, "Halo? Halo? Unanisikia?" Kisha akapunguza sauti, na mimi nikapaza mlio wa vyombo.