Misiba Isiyokaliwa Matanga

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Hapa Songea wanafunzi wa bweni walibeba masanduku yao hadi stendi wakijua watakaa nyumbani mwezi mmoja. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Kati ya tarehe hizo wapo waliofiwa.

Siku ya kuripoti, getini paliwekwa ndoo yenye koki, sabuni na meza ya ukaguzi. Rimu ya karatasi ipo? Jembe? Fagio la chelewa? Barakoa ya kitenge, iliyoshonwa na fundi wa mtaani? Aliyekamilisha aliruhusiwa kuingia bwenini. Ratiba mpya ilikuwa imeshabandikwa, vipindi vimeongezwa kufidia muda uliopotea, kwa sababu mitihani ya taifa haikuwa mbali. Silaumu hilo, masomo ni haki yao. Ila pale mezani hapakuwa na mtu wa kumuuliza mtoto, huko nyumbani mmebaki wangapi?

Kwetu msiba haubebwi na mtu mmoja. Turubai linafungwa, majamvi yanatandikwa, wanawake wanajaa ndani na wanaume wanakesha nje wakiota moto. Sufuria kubwa za ugali na maharage zinapanda na kushuka, na kila anayeingia anasimuliwa upya: aliumwa lini, alisema nini mwisho, nani alikuwa karibu yake. Mfiwa anachoka kusimulia. Naamini kuchoka huko ndiko kunakomsaidia, maana akifika siku ya kuanua matanga habari imeshamtoka kinywani mara nyingi hata anaweza kuibeba.

Mwaka ule habari haikusimuliwa. Watu walitakiwa kuzika wakiwa wachache na kutawanyika. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Hadi mapema Mei taifa lilikuwa limetangaziwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha hesabu ikasimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Walioondoka baada ya hapo walisemwa kuwa na nimonia au shida ya kupumua, na majirani waliinamisha macho. Mtoto wa miaka kumi na sita akajifunza kwamba kifo cha mama yake ni jambo la kunyamaziwa. Alirudi shuleni na ukimya huo, akaanza kusinzia darasani, kuacha uji wa asubuhi, kuumwa kichwa kwa maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo chochote cha zahanati. Kwenye ripoti sisi walimu tukaandika: aongeze bidii.

Na huu ni mji unaojua kuomboleza. Mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, pamoja na makumi ya wapiganaji wenzake wa vita vya Majimaji. Kila Februari 27 watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge hapa mjini, kuwakumbuka. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Novemba 1, 2023 kuomba msamaha, ukoo wa Mbano ulikuwa ungali unauliza fuvu la babu yao liko wapi. Zaidi ya miaka mia imepita na wanauliza bila haya, tena mbele ya wageni. Wanafunzi wetu tunawapeleka pale kila mwaka, wanasimama mbele ya kaburi la pamoja na kuandika kwenye madaftari. Huzuni ya babu wa mababu tunawafundisha kuitunza, nao wana za kwao walizozificha chini ya godoro.

Huzuni hizo zilitoka Machi 2021. Rais Magufuli alifariki tarehe 17, mwaka kamili tangu shule zifungwe, na Rais Samia akatangaza siku 21 za maombolezo. Bendera ikashuka nusu mlingoti, redio zikapiga nyimbo za huzuni kutwa. Ghafla kulia kukaruhusiwa. Asubuhi moja mstarini binti wa kidato cha tatu alilia hadi akakaa chini kwenye vumbi. Tulidhani ni kwa ajili ya Rais. Matroni alimwinua, akampeleka chumbani kwake, akamwekea chai. Hakusomea unasihi, amelea tu watoto wengi.

"Unamlilia nani, mwanangu?"

"Mama."

Mama alikuwa amezikwa Namtumbo mwezi Mei, mwaka uliotangulia. Binti alinyamaza miezi yote ile kwa kuogopa kwamba akitaja alivyokufa, wenzake watahama kitanda cha jirani. Matroni hakumwambia ajikaze, wala kwamba ni mapenzi ya Mungu. Alimuuliza jina la mama, kisha alikuwa mtu wa namna gani.

Wiki hiyo wengine wakaanza kubisha hodi kwenye mlango ule ule. Mwalimu wa ushauri nasaha tulikuwa naye, mwenye vipindi vyake na madaftari yake ya kusahihisha kama sisi wengine, asingewamaliza. Wengi hawakuhitaji dawa. Wachache walihitaji daktari, na hao walipelekwa hospitali.

Ruhusa ya msiba shuleni hutolewa kwa msiba mbichi. Matroni aliiomba kwa ule wa mwaka mzima, akabishana ofisini mpaka karatasi ikasainiwa. Mwezi Mei binti akaenda Namtumbo. Ndugu wakakusanyika, wakapika, wakakesha, wakajengea kaburi. Aliporudi bwenini alisimulia usiku kucha: mama alivyogombana na madalali wa mahindi waliotaka lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, alivyowafukuza shambani na gunia lao, alivyoimba kwaya kwa sauti iliyowazidi wote na kukosea maneno. Wasichana walicheka mpaka waliokuwa zamu ya mabweni wakaja kugonga dirisha. Matroni akatoka nje kuwaambia waache kwanza, huku ndani kuna msiba.