Jongoo na Mvinje

Nilizaliwa Magarini, ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, na udogoni mwangu jongoo alikuwa mdudu wa kupigwa teke tu. Sikudhani kuwa siku moja ningemwonea haya.

Nyuma ya shule yetu palikuwa na shimo lililochimbwa mawe ya kujengea, nalo lilikuwa limegeuka jaa. Nilipokuwa kiranja niliwaongoza wenzangu kulisafisha, ili mji wetu upate bustani ya kupumzikia. Tulifagia hata jani la mwisho, tukalichoma. Kisha tukapanda miche 40 ya miembe na mikilifi juu ya matumbawe meupe. Kabla ya vuli yote ilikuwa imekauka. Watu wakarudi kutupa taka palepale, na mzee mmoja akanipa pole kwa sauti iliyonichoma kuliko tusi.

Miaka mingi baadaye nilifika Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi huko mwaka 1954 kilichimba matumbawe, kikaacha uwanda wa mawe matupu, wenye joto kali juu na maji ya chumvi chini kidogo. Mwaka 1971 Bwana René Haller, Mswisi aliyekuwa mtumishi wa kiwanda, alianza kujaribu hapo aina 26 za miti. Zilizosalimika zilikuwa tatu, na iliyo bora ilikuwa mvinje, mti uleule tuukatao kwetu kwa kujengea. Mizizi yake hukaa na vijidudu viupatiavyo chakula kutoka hewani, hivyo huvumilia palipo pakavu na pasipo rutuba.

Hata hivyo majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza. Ndipo Haller alipomwona jongoo akiyatafuna! Majongoo wakakusanywa, wakaachiliwa chini ya mivinje. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na udongo ukapokea miti mingine. Mwaka 1984 umma ulifunguliwa mlango. Hata Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mwezi Desemba 2004, alipelekwa kuishi humo.

Nilisimama katika kivuli kile nikaukumbuka ufagio wangu, na moshi wa majani tuliyoyachoma.

Shimo letu sasa lina mivinje michache, niliyoipanda pamoja na wanafunzi. Juzi mama mmoja, jirani yangu, aliniuliza kwa nini sisi tuliosoma tunaacha takataka za majani miguuni pa miti. Nikamwinulia tandiko lile kwa kijiti. Majongoo wawili walikuwa wamejikunja chini yake. Akacheka, akaenda zake na ufagio mkononi.