Njaa ya Madini Joto

Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia kwenye kitengo ambacho wauguzi wengi walikikwepa: tiba ya nyuklia, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo la zamani lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Mimi ni mtu wa Tarime, na Kikurya changu kilinipa kazi ya pili isiyo na mshahara. Mgonjwa akishuka basi kutoka Tarime au Serengeti na barua yake ya rufaa, mapokezi walisema tu, "Mpelekeni kwa dada yake."

Ninayemkumbuka zaidi ni bibi mmoja Mngoreme, wa upande wa Mugumu. Rovu alikuwa nalo tangu usichana, kama wanawake wengi wa rika lake waliokulia kwenye chumvi isiyo na madini joto. Halikumuuma, hakulijali. Kilichomtoa nyumbani ni nyonga. Alichuliwa, akameza dawa za baridi yabisi, hadi alipofika hospitali ya Bugando, Mwanza, ndipo ikajulikana kwamba saratani ya tezi ya shingo imehamia mfupani.

Nyonga ilipigwa mionzi ya mashine, greyi 8 kwa kikao kimoja, maumivu yapungue. Lakini mashine huchoma pale tu ilipoelekezwa, na saratani iliyosambaa hujui imelala wapi kwingine. Hapo ndipo iodini 131 inapohitajika. Seli za tezi hiyo, hata zikihamia kwenye mfupa au mapafu, mara nyingi hubaki na tabia yake ya kufyonza madini joto, yaani iodini. Ukimpa mgonjwa madini joto yenye mionzi, seli zinayavuta zenyewe, na mionzi ya beta inaziunguza hapohapo, ndani ya milimita mbili hivi.

Sharti tezi yote itolewe kwanza kwa upasuaji, la sivyo itaifyonza dawa peke yake. Kisha mwili unashindishwa njaa ya madini joto: wiki mbili bila chumvi ya dukani, bila samaki wa baharini, bila mayai, bila maziwa. Maziwa ndiyo yaliyoleta ugomvi.

"Wewe mtoto, unanitibu au unaninyima chakula?"

"Bibi, ng'ombe wako wakikaa muda mrefu bila chumvi, siku ukiwamwagia magadi wanafanyaje?"

"Wanakuja mbio, wanakanyaga hata ndama."

"Basi uvimbe huo tunaunyima kwanza. Halafu tunaupa magadi yenye sumu."

Alicheka hadi akashika nyonga. Tangu hapo mfano huo niliutumia kwa kila mtu wa mkoa wetu wa Mara, na daktari mmoja wa Pwani akauazima, yeye ambaye sidhani kama aliwahi kuchunga hata mbuzi.

Kidonge cha iodini kilitoka kwenye mkebe mzito wa risasi. Nilikishika kwa koleo, nikampa, nikarudi nyuma ya ngao. Muda mfupi, umbali, kizuizi: hivyo ndivyo vilivyonilinda, na beji ya kifuani ya kupimia mionzi ikasomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha. Kigumu kilikuwa kumwacha peke yake chumbani. Kwetu mgonjwa hulala na ndugu pembeni. Kumfungia mlango ni kama kumtenga na ukoo. Nilisimama mlangoni tukapiga soga kwa sauti ya juu. Siku chache baadaye picha ya gama kamera ilionyesha nyonga imemeta. Magadi yamefika.

Iodini hiyo huagizwa nje ya nchi kwa tarehe ya mgonjwa, na kila siku 8 nusu ya nguvu yake inakwisha. Mvua ikikata barabara ya Mugumu, dawa haisubiri. Simu nilizopiga kuulizia mabasi na madaraja ni nyingi kuliko sindano nilizochoma.

Baadaye alikuja mzee wa Nyamongo, saratani ya tezi dume imeingia kwenye mifupa. Alikuwa amesikia habari za bibi.

"Magadi yale nami nipeni."

Nikamweleza kwamba saratani yake hailambi madini joto. Ipo lutetiamu 177, inayobebwa na molekuli inayonasa kwenye seli za tezi dume. Marekani waliiidhinisha mwaka 2022. Akauliza ni ng'ombe wangapi. Nikapiga hesabu, nikamtajia.

"Hiyo ni mahari ya mabinti wa ukoo mzima," akasema, akaomba apigwe mionzi ya nyonga na sindano yake ya homoni leoleo, awahi basi la alfajiri.