Ninavyouza Majeneza Sasa

Mimi ni seremala, Mwislamu, mzaliwa wa Pangani, na kwa miaka mingi riziki yangu imetoka kwenye majeneza ya Wakristo hapa Dar es Salaam. Nilianza na vitanda na makabati. Mteja wa kitanda anakuja leo, anakwenda kulinganisha bei Keko, anarudi wiki ijayo. Mteja wa jeneza hana wiki ijayo. Anafika macho yamevimba, mwili uko mochwari, na safari ya mkoani ni usiku huohuo.

Watu hubembeleza bei ya godoro, ya kuku, hata ya dawa. Ya jeneza hawabembelezi. Anayesema "punguza kidogo" mbele ya ndugu huonekana hakumpenda marehemu. Basi shemeji anamtazama mjomba, mjomba anamtazama binti wa marehemu, na kidole kinaishia kwenye lile lenye kioo, vishikio vya rangi ya dhahabu na satini nyeupe. Hakuna aliyewalazimisha. Ukimya wao ndio unaouza, na biashara yetu imesimama juu ya ukimya huo.

Kazi yenyewe naipenda. Nalisema wazi kwa sababu wapo jamaa zangu ambao kwa muda mrefu hawakutaka hata kuisikia, wakiamini kwamba mchonga majeneza huombea watu wafe. Jeneza zuri linaanzia mabegani. Ubao wa ubavuni ni mmoja, mrefu. Pale penye bega fundi hupitisha msumeno upande wa ndani, mikato kadhaa isiyotoboa, kisha huumwagia maji ya moto na kuupinda taratibu mpaka ukubali. Ukiharakisha, unapasuka na umeula wa chuya. Ufundi huo ni uleule kwenye msonobari na kwenye mninga. Kinachopandisha bei ni aina ya mbao, vanishi na mapambo, na vyote vitakuwa chini ya udongo kabla jua halijazama.

Kilichonigeuza ni msiba wa baba yangu. Alifariki alfajiri huko Pangani, na wazee wakakubali kunisubiri hadi alasiri. Nilipofika nilikuta mambo yote yamekwisha pangwa na watu ambao hawakuhitaji kamati wala kundi la WhatsApp. Niliingia kuosha. Wawili walishika shuka la kumsitiri, mmoja akawa anamimina maji yenye majani ya mkunazi, nami nikapewa miguu. Baadaye sanda, vipande vitatu, na kafuri. Kisha mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye fundi. Vibao vya mwanandani kata wewe." Nikakata. Hivyo vibao vya kumkinga na udongo ndizo mbao pekee alizozikwa nazo baba wa seremala.

Alibebwa kwenye jeneza la msikiti. Nililitazama kwa jicho la kazi: viungo vimekaza, mikono ya kubebea imelainika kwa viganja vya watu, na hakuna aliyejua nani alilichonga. Wenye majahazi na wachuuzi wa samaki wote wamepita humohumo. Tulipomaliza kuzika lilirudishwa msikitini kumngoja mwingine. Hakuna mtu aliyesimama pale akanung'unika kwamba baba yangu hakuheshimiwa.

Sisemi Mkristo azikwe kama sisi. Jeneza ni desturi yake, naiheshimu, na ndiyo inayosomesha wanangu. Wala sisi Waislamu hatujasalimika: zipo arobaini zinazomwacha mjane na deni la mchele na nyama. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile siwezi tena kuamini kwamba heshima ya maiti hupimwa kwa uzito wa mninga.

Nikawa namfikiria sana Wangari Maathai, mwanamke aliyepigania miti maisha yake yote. Alipofariki Septemba 2011 Nairobi, hakuwekwa kwenye jeneza la mbao kwa sababu alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili yake. Lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha akachomwa moto, na serikali ilimpa mazishi ya kitaifa. Mimi kama fundi nilijiuliza kwanza iwapo mafunjo yanaweza kubeba mtu. Yanaweza, fremu ikiwa sawa.

Sasa la msonobari, lililopigwa msasa vizuri na kupakwa vanishi mara moja, liko mbele kabisa mlangoni, na bei za yote zimeandikwa wazi ili asiwepo wa kulazimika kuuliza. Na kabla sijapima chochote, mimi huuliza. Juzi alikuja dada mmoja na baba yake mdogo.

"Fundi, lile la kioo."

"Pole sana dada yangu. Pole, mzee. Mnazikia wapi?"

"Rombo."

"Gari linafika hadi nyumbani?"

Mzee ndiye aliyejibu. Gari linaishia barabarani. Kuanzia hapo ni njia nyembamba ya mgombani, mteremko, na mvua zimeanza. Nikamwomba anyanyue ncha ya lile la kioo, la mninga, kisha ya lile la msonobari. Alinyanyua, akanyamaza, akamwambia binti, "Vijana wataanguka naye huko chini." Wakachukua la msonobari. Pesa iliyobaki dada alisema italipia basi la wanakwaya waliotaka kumsindikiza mama yake. Faida yangu siku ile ilikuwa ndogo, na nililala vizuri.

Ombi langu kwako unayesoma ni dogo. Msiba ukiwafika, msimpeleke mfiwa wa karibu kununua jeneza. Mtumeni jirani au rafiki mwenye akili tulivu, na mpeni kiwango cha pesa kabla hajatoka nyumbani. Aulize la bei ya chini kwanza, alinyanyue, akague viungo. Na wewe mwenyewe, ukiwa bado mzima, waambie wanao unachotaka, tena mbele ya mashahidi wawili, ili siku hiyo pasiwe na mtu wa kuogopa kusema "hili linatosha."